Mukeka wa Tuko Wangapi

Kasongo, siku ya soko, pamba ikiwa inavunwa

Mama wangu muzazi,

Hodi huko Lusangi. Umeamkaje, Mama? Goti linakuacha ufike shambani, ao bado unakaa kwenye kiti ukiamrisha watu? Mimi mwili ni muzima, ila roho inatetemeka. Barua hii akusomee Yaya, dada yangu mukubwa, peke yake, na mulango ufungwe. Katikiste asiishike. Ni mutu mwema, lakini mudomo wake hauna kifuniko. Nimeitia mukononi mwa shofere wa kamioni ya pamba, kwa sababu za posta zinafunguliwa na kusomwa.

Mama, nimeuona mukeka wa Mama Muzee, mama yako.

Usipige kelele. Ni ule ule uliochukuliwa siku kopolo wa serikali alipopita nyumba kwa nyumba akikusanya vitu vya zamani. Uko hapa katika shule yetu ya walimu, umetundikwa ndani ya chumba wanachokiita mize: vinyago, ngoma, viti vya machifu, kila kitu na karatasi yake chini. Wanatufundisha kufundisha kwa kitu. Unatoa kitu kimoja mize, unakiweka mbele ya watoto, unawauliza maswali. Mimi na majivuno yangu nilikuwa nimesema mama yangu ni fundi wa ukindu, basi Direkta akanipa mukeka. Karatasi yake ilisema: "Mukeka wa Kabambare. Umesukwa vibaya, una matundu."

Vibaya! Matundu yale nayajua kwa vidole. Nilipokuwa mudogo ulinionyesha kwa mukeka wako mwenyewe, ulioufuatisha huo, tundu kwa tundu, bila kutaja hesabu, kwa sababu kwetu mutu hahesabiwi kwa mudomo kama mbuzi. Kila pahali Mama Muzee aliporuka ukindu ni mutu wetu aliyeuawa wakati wa kugemeshwa mupira wa porini, siku wenye bunduki walipokuja kwa sababu vikapu havikujaa. Walitaka kumaliza kijiji, wazee na watoto wa mugongoni, asibaki hata wa kusimulia. Na pale pembeni nikaliona lile tundu lenye ukindu uliorudishwa nusu. Wewe, Mama. Alikuruka akizani umekufa, kumbe mwanamuke mumoja alikimbia nawe porini, akakurudisha mvua mbili baadaye. Nilipoligusa, nikaketi chini.

Direkta akasema, "Enspekteri anakuja. Ziba hayo matundu, tusipate haya." Nikajibu, "Ndiyo, Bwana Direkta." Unanijua, uoga wangu hutangulia kuongea. Nikatafuta ukindu, nikaulowesha, nikaingiza mumoja katika tundu la kwanza. Huyo ni nani? Kaka yako mukubwa. Nilikuwa namuzika mara ya pili, na safari hii hata kaburi lisingeonekana. Nikauchomoa.

Siku ya somo enspekteri akaketi nyuma na karani wake, mutu wa Nyangwe, anayemugeuzia maneno kwa Kifaransa. Direkta kuona matundu, uso ukabadilika.

"Mbona hukuziba?"

"Si kosa, Bwana Direkta. Ni urembo wa kwetu."

"Urembo huo unaitwaje?"

Nilitafuta uongo, Mama, sikuupata. Likanitoka lile swali munaloulizana mukitandika mukeka, na hakuna anayelijibu: "Tuko wangapi." Akaliandika kwenye karatasi mupya. Enspekteri akafurahi sana. Kumbe mukeka wa kufundishia hesabu! Watoto wahesabu basi.

Wakahesabu. Kwa sauti, wakiimba, moja, mbili, tatu, na mimi nimesimama na kijiti nikiwaonyesha kaka zako na bibi zako. Jasho lilinishuka mpaka kwenye kaptula. Kufika pembeni, kasichana kamoja kakasita.

"Mwalimu, hili ni tundu ao si tundu?"

Nikasema, "Huyo ni mutu aliyerudi."

Aka, mudomo huu! Enspekteri akauliza nimesema nini. Karani aliniangalia kwanza, tena sana, kisha akamugeuzia: "Anasema musukaji alirudi kutengeneza." Mungu amubariki, Nyangwe nako wana wafu wao. Lakini Direkta anasikia Kiswahili. Ameniambia nifike ofisini Jumatatu nimueleze ni mutu gani huyo.

Niko naogopa, Mama, sikufichi. Nikisikia viatu kwenye veranda nakunja karatasi hii na kuikalia. Kuna mwalimu wa mwaka jana aliyesimulia watoto mambo ya mupira. Alipelekwa mbali, wapi hatukuambiwa, na kitanda chake ndicho ninacholalia. Nikisema ukweli, watakuja kwako. Wakija, waambie macho yako yamekufa, hujui kusuka. Mukeka wako uufukie. Mimi nitajibu nini sijui bado. Ninachojua ni kwamba kuziba siwezi.

Jana kale kasichana kalinifuata kisimani. "Mwalimu, aliyerudi alitoka wapi? Na wengine wako wapi?" Nikatazama nyuma yangu mara mbili. Nikakaambia kaniulize tena Jumanne. Kakaenda kakiruka-ruka, na mimi nikabaki na ndoo tupu.

Nisalimie mujomba mwenye kikohozi, shangazi aliyenifungia mihogo ya njiani, na mama wa jirani mwenye kuku wakorofi. Yaya unayesoma, usilie ukakatiza katikati, mumalizie Mama.

Barua zangu zikikatika, Mama, usiruke ukindu wangu upesi. Wewe pia ulirukwa, na ulirudi.

Kitindamimba wako muoga,
Petero