Betri za masikio ya babu

Mwenzangu uko? Usicheke. Nimemfanya babu kiziwi.

Sitanii! Si unajua najifundisha umeme mwenyewe kwenye simu? Jana nilitaka kuwasha ile taa yangu nyekundu, ndogo kama punje ya mahindi, na betri sina. Babu alikuwa amejilaza jioni, kavivua vifaa vyake. Nikachomoa betri mbili kwenye vile vifaa vyake vya kusikia. Dakika tano tu, nilijiambia.

Ikawaka!! Kwa furaha nikasahau kuizima. Nilipozirudisha usiku zilikuwa zimekwisha kabisa, nikanyamaza.

Leo asubuhi mama anamwita, haitiki. Anamwita tena, kavaa vifaa vyake na haitiki. Mama akaanza kulia. Babu akamshika mkono: "Usilie mwanangu, masikio yangu ndiyo yameaga. Mtakuwa mnaniandikia."

MTAKUWA MNANIANDIKIA. Na mimi nimesimama pale na kikombe cha chai.

Halafu akanigeukia. "Macho bado ninayo. Jana nilipoamka niliiona taa yako. Umeiwasha mwenyewe? Hongera, fundi wangu." Akanipigia makofi. Mwenzangu, babu alinipigia MAKOFI.

Nimekimbia dukani, betri mpya ninazo hapa mkononi. Sasa ni dakika ya ishirini nimesimama nje ya mlango wake.

Maana nikimwekea tu, cha kwanza atakachosikia kitakuwa sauti yangu, na nimeapa sianzi na uongo.