Chumvi Baada ya Jua Kuzama

Alhamisi, usiku

Nimesema uongo, na mimi ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji hiki.

Saa moja jioni jirani yangu, Mama Masanja, alikuja kuomba chumvi. Kabla sijamjibu, mama mkwe akaninong'oneza, "Mayu, mama yangu, jua limeshazama. Chumvi haitoki. Ukiitoa saa hizi umewafungulia wachawi nyumba." Nikamwambia jirani imeisha. Akaondoka.

Kopo limejaa. Naona aibu hata kuandika hivyo.

Nilikuwa naosha vyombo nilipokumbuka. Mwanawe, Masanja, anaharisha tangu jana, na ni mimi niliyemfundisha mama yake: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zahanati imefungwa hadi asubuhi.

Mama mkwe alipolala, nikachota chumvi kwenye kikombe nikakimbia kwa jirani. Nikapiga hodi mara tatu. Akafungua mlango kidogo tu, akatazama kikombe, akatazama giza nyuma yangu.

"Jioni ulisema huna," akasema. "Sasa usiku huu unaniletea mwenyewe. Chumvi gani hiyo?"

Akafunga. Nikasikia komeo.

Hapa Sapiwi, mwanamke aliyeonekana usiku na chumvi mkononi hasahauliki. Na mtoto akizidiwa kabla ya asubuhi...

Masanja analia, namsikia kupitia dirisha. Alie tu. Kila akinyamaza, naweka kalamu chini nisikilize.