Mwaliko wa Profesa wa Konokono

Chumba cha Matangi, ghorofa ya chini
4 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Kabla hata ya salamu nikutoe hofu: barua yako imefika kwa mtu ambaye akiugua siku mbili tu, sayansi ya konokono inasimama nchi nzima.

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linaninunia nikipanda ngazi. Dada yangu, mama yako, hajambo? Mwambie namsalimu, na aache kunisema.

Unasema mkutano wenu wa wanasayansi unamtaka Profesa wetu awe mzungumzaji mkuu, na kwamba umemwandikia barua pepe tatu, kimya. Mwanangu, Profesa hasomi vitu vya kwenye kioo! Anasoma karatasi, tena iliyoletwa na mkono anaouamini. Mkono wenyewe ndio huu unaokuandikia. Yeye yuko ghorofa ya tatu, mimi niko chini na konokono wangu mia nne. Katikati hapo hakuna mtu wa maana.

Mwaka juzi walikuja wageni wanane wa makoti meupe. Konokono wakagoma kula. Wageni wakapima maji, wakapima joto, wakakuna vichwa. Profesa akasema, "Mwiteni yule." Nikaingia, nikapiga mluzi mmoja mwembamba hivi, konokono wote mia nne wakatoa pembe kama askari kwenye gwaride. Mgeni mmoja alilia.

Basi lete huo mwaliko wako. Nitaufikisha kabla chai yake haijapoa.

Ni mimi,
Mjomba wako

*

11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumai goti limepunguza nongwa. Sisi tupo. Mama anakohoa kidogo asubuhi lakini anasema ni vumbi la chaki, kama vile bado anafundisha.

Mwaliko huu hapa, kwenye bahasha ya kahawia. Mjomba, naomba unitegee sikio vizuri. Mkataba wangu unakwisha Juni. Mwenyekiti wa kamati ameniambia mbele ya wenzangu: "Ukimleta Profesa, kikao chako kipo na chumba chako kipo. Usipomleta, chumba tunaweka kompyuta." Chumba chenyewe ndimo walimo konokono wangu, wale wanaokataa kubeba minyoo ya kichocho. Miaka mitano nimewazalisha, kizazi kwa kizazi. Hapa wananiita Mama Konokono, na si kwa heshima. Profesa ndiye peke yake ambaye akisimama akasema kazi hii si mchezo, watu watanyamaza wasikilize.

Yuko mtaalamu wa pili aliye tayari kuja, ila ananisubiri mpaka tarehe mosi Aprili tu. Kwa hiyo Profesa akikataa, niambie amekataa. Sitakasirika wala sitalia. Neno moja linanitosha: hapana.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unapiga soga mpaka salio linakata kabla hatujafika kwenye jambo.

Mpwa wako

*

25 Machi

Mpwa wangu, nyota ya ukoo,

Habari za huko? Huku ni nzuri mno. Mwambie mama yako apige vigelegele, kikohozi baadaye.

Amekubali!

Nilimkuta mezani. Akavua miwani, akaisoma barua yako mara mbili, akanitazama. "Huyu ni mpwa wako wa damu? Mbona siku zote umenificha?" Nikamwambia, Profesa, mtu hajisifu mwenyewe. Akacheka mpaka akashika meza. Tukazungumza saa nzima habari za kichocho, na mahali pawili nilimsahihisha, kwa adabu.

Kwenye mwaliko ulitaka jina la hotuba na picha. Andika: "Konokono: Rafiki au Adui?" Picha yake naiambatisha. Usishangae pembeni kuna tarehe, ni kwa sababu ilikuwa kwenye kalenda ya taasisi. Ndiyo picha anayoipenda.

Wako,
Mjomba wako asiyeshindwa

*

2 Aprili

Mjomba, shikamoo, na shikamoo tena!

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, na kiatu kimoja mkononi. Mama ameniambia maneno ya mjomba wako yagawanye kwa kumi, kinachobaki kigawanye tena. Nimemjibu kwamba hata moja ya kumi ya Profesa inanitosha.

Yule mtaalamu wa pili nimemwachia aende zake. Amepata mkutano mwingine siku hiyohiyo. Ratiba imeshapelekwa kwa mchapaji, jina la Profesa liko juu kabisa, kwa herufi nene. Mwenyekiti leo amenisalimia kwa mkono. Tiketi yake ya ndege nitakutumia wewe umkabidhi.

Bado kitu kimoja: fomu ya kukubali. Asaini tu pale chini na uirudishe.

Goti lako vipi?

Mpwa wako

*

6 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Tiketi imefika, iko mahali salama kuliko benki.

Kuhusu saini usijitie presha. Watu wakubwa hawasaini ovyo. Wanatikisa kichwa kukubali, basi, mambo yamekwisha. Alitikisa. Halafu wiki hii tumebanwa sana na kazi, matangi mawili yamepasuka, nimeokoa konokono kwa kofia yangu mwenyewe. Ukisikia kwenye redio usishtuke.

Goti halijambo.

Mjomba

*

19 Mei

Mjomba, shikamoo. Hujambo?

Nimepiga simu mapokezi hapo kwenu. Wamesema ratiba ya Profesa haitolewi kwa watu wa nje.

Sikuulizi kuhusu saini tena. Nakuuliza moja tu: anakuja? Leo bado naweza kusimama mbele ya kamati nikasema nimekosea. Nitaaibika, lakini naweza. Wiki mbili zijazo sitaweza.

Mama kikohozi kimemshuka kifuani. Anakusalimu.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako

*

17 Juni

Mjomba, shikamoo.

Hukunijibu. Nikajiambia mtu akikaa kimya basi mambo yanakwenda.

Siku ya mkutano nilikuwa uwanja wa ndege saa kumi na mbili asubuhi na kibao chenye jina la Profesa. Ndege ya kwanza ikashusha watu wakaisha. Nikangoja ya pili. Mfagiaji mmoja akaniambia, "Dada, huyo mtu wako amekukimbia." Tukacheka wote wawili. Nikangoja ya tatu.

Niliporudi ukumbini viti tisini vilikuwa vimejaa. Walikuwa wamekuja kumsikiliza yeye. Mwenyekiti akaniuliza kwenye kipaza sauti, "Mama Konokono, mgeni wako yuko wapi?" Nikasema sijui. Watu wakaanza kukusanya mikoba. Nilionyesha picha zangu tatu za kwanza kwa watu kumi na mmoja, halafu fundi umeme akaja kuuliza kama tumemaliza.

Kesho yake nilipiga simu tena, wakaniunganisha ghorofa ya tatu. Akapokea mwenyewe. Ana sauti ya upole, ya mama mtu mzima. Akasema, "Barua ipi, mwanangu? Wiki yote hiyo nilikuwa nyumbani napalilia maua. Ningekuja." Mjomba, angekuja! Nikamwambia nina mjomba wangu hapo kwenu, ghorofa ya chini. Akauliza, "Chini wapi?"

Nimemwaga unga. Jumatatu waliniagiza niondoe matangi. Sikutaka wayaguse wao, nikayamwaga mwenyewe, moja moja. Konokono hawapigi kelele. Afadhali wangepiga.

Ni wewe uliyenisimamisha juu ya ndoo nilipokuwa na miaka minane ili nifikie darubini. Ndiyo maana sijaweza kukutukana, ingawa nimejaribu.

Ulimpa barua au hukumpa? Na kama hukumpa, kwa nini? Sitaki hadithi.

Mpwa wako

*

30 Agosti

Mpwa wangu,

Sijui kama nina haki ya kuuliza hali yako. Mama yako amenipigia. Hakunigombeza. Alisema unalala mchana na hutaki dirisha lifunguliwe, akakohoa, akakata.

Barua hii nimeiandika mara nne. Katika ya kwanza Profesa aliugua ghafla. Katika ya pili katibu wake alinionea wivu. Ya tatu ilikuwa nzuri kupita zote, ilikuwa na helikopta. Nimezichana zote.

Sikumpa. Bahasha bado ninayo, na tiketi ninayo. Uliniambia nikujulishe akikataa, nami nikajiambia hajakataa, kwa hiyo sijadanganya, kesho nitampa, na wewe utakuwa umeshafurahi mapema tu. Kila asubuhi nilikuwa nasema ni leo. Nilikuwa nafika ghorofa ya pili nageuka. Ilipofika Mei nilikuwa naogopa kuliko mwizi. Barua yako ya tarehe kumi na tisa niliisoma mara moja nikaiweka chini ya tangi la maji ya akiba, kama vile haijafika.

Umeuliza kwa nini. Ni jambo dogo, na ndiyo maana nimeona haya kulisema miezi yote hii. Ningekuwa nimeua mtu ningeshakuambia.

Nilipanda siku barua yako ilipofika. Nilinyoa, nikavaa shati jeupe. Miaka ishirini na miwili kazini na nilikuwa sijawahi kugonga mlango ule. Nikagonga. Akasema ingia. Nikasema, "Profesa, shikamoo, mimi ni..." Akanitazama juu ya miwani, akatabasamu vizuri kabisa, akasema, "Oh, afadhali umekuja. Ni hilo la kwenye sinki, linavuja tangu juzi."

Alidhani ni fundi bomba.

Nami nikasema ndiyo, mama. Nikalala chali chini ya sinki na shati langu jeupe, barua yako ikiwa mfukoni, nikakaa humo dakika arobaini nikigongagonga, yeye akiwa pale anasoma, hatua tatu kutoka kwangu. Mimi sijui chochote kuhusu bomba. Nilipotoka akaniambia, "Asante, fundi." Nikamjibu karibu tena.

Mjomba