Papa na Mashine ya Mpala

Jumatatu, tarehe 4
Nimepika bugali, nimefua, nimerudia somo la jiografia. Tangu tetemeko la Alhamisi Mama yuko kwenye simu tu. Kazi yake ni kuwapanga watafiti wa matetemeko: wa Bujumbura huku, wa Kigoma kule. Mwaka jana ardhi ilitetemeka ng'ambo ya ziwa, akavuka yeye. Sasa ni kwetu, wanavuka wao. Tunalala nje. Naogopa kuta.

Jumanne, tarehe 5
Papa, baba yangu, ameenda kijiji cha Mpala kwa mtumbwi wa mota, pamoja na watafiti wawili wa Kigoma. Yeye ni fundi. Atafukia mashine ardhini ipime matetemeko madogo yanayofuata. Mama ndiye aliyemtuma. Nilitaka aende mwingine. 

Jumatano, tarehe 6
Wamezuiwa. Watu wa Mpala waliona wageni wakichimba shimo, wakadhani wanatafuta madini. Wakang'oa mota ya mtumbwi. Mzee mmoja alipanda kilima chenye mtandao akampigia Mama: "Mama, sisi hatuko watoto. Kule Manono kwenye machimbo pia walianza na kashimo kadogo. Kisha mutatuhamisha!"
Nimemkasirikia Mama. Aliwapanga wote, akasahau kuongea na wenye kijiji. Nikamwambia hivyo. Hakunikaripia. Alilia.

Alhamisi, tarehe 7
Shuleni sikusikia somo lolote. Nimesali rozari nzima.
Wenzake Mama kazini wanataka polisi waende Mpala. Mama amekataa. Amempigia yule mzee, ameomba radhi, tena sana. Amemwomba ampe Papa nafasi ya kuonyesha kazi ya mashine.

Ijumaa, tarehe 8
Wameachiwa! Asante Mungu. Papa mwenyewe amepiga simu. Aliweka mashine chini mbele ya watu wote, akawaambia waruke. Waliruka, na mstari kwenye kompyuta ukaruka nao. Kisha mama mmoja mnene akaruka peke yake. Mstari ukapanda juu kabisa. Watu wakapiga kelele: "Mama Feza, kumbe njo wewe ulivunja nyumba zetu!" Naye: "Njo mimi! Muniletee samaki, ao niruke tena!"
Mzee amechagua mahali pa shimo, nyuma ya kanisa. Amelichimba mwenyewe.
Nimecheka mpaka machozi.

Jumapili, tarehe 10
Papa alifika jana, miguu imevimba. Kumbe naye aliruka na watu.
Baada ya misa Mama amewaambia watafiti wote: hakuna jembe kabla ya kuongea na kijiji.
Papa amelala. Mama anamfukuzia nzi kwa kitambaa. Naandika polepole, nisimwamshe.