Kiti cha Festo na Dawa ya Mahindi

Jumamosi, Mbinga. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mimi nimerudi sasa hivi kutoka kwa mama mkwe. Nimekasirika, halafu naona aibu kukasirika.

Niandike hesabu kwanza, hunituliza. Festo ana mwaka mmoja na nusu, kilo kumi na robo. Kifua chake hubana. Daktari ametukataza moshi na harufu kali. Kila wiki nashuka naye Mbamba Bay kununua dagaa, kwa gari lililotokana na maandazi yangu, si urithi wa mtu. Zile kona za kushukia ziwani si za kumpakata mtoto. Kiti cha mtoto cha kufunga garini ni lazima.

Cha kwanza nilikinunua Songea. Huku juu kwenye baridi hakikunuka. Kule ufukweni, gari liliposhinda juani, nilifungua mlango nikakohoa mimi mtu mzima. Muuzaji akasema hiyo ni harufu ya upya. Nikaanza kusoma na kuuliza. Kumbe sponji na vitambaa vya viti vingi hutiwa kemikali za kuzuia moto na madoa, na joto huzifukuza zitoke. Kwenye changu zimo zipi? Hakuna aliyenijibu.

Mume wangu alicheka. Yeye kakua akipanda lori juu ya magunia na yupo hai. Lakini ndiye huyo huyo asiyeruhusu dumu la petroli lisogelee kahawa, maana kahawa hunyonya harufu na mnunuzi ataikataa.

Kahawa tunailinda. Mtoto tunamwambia azoee.

Cha pili nilikitafuta miezi. Kitambaa chake ni sufu, ambayo haishiki moto upesi, na lebo inasema hakikuongezwa dawa ya moto. Kimepimwa kwa ajali pia, kwa sababu kiti kisichonuka ambacho mkanda wake unakatika ni bure. Bado nikataka kipigwe upepo. Mama mkwe anakaa bondeni, mwendo wa miguu, ana vichanja vya kuanikia kahawa na msimu haujaanza. Nikamwachia.

Leo nimemfuata, Festo mgongoni. Nimemwamkia, kaitikia kwa furaha ya mtu aliyekufanyia jambo, kampokea mjukuu. Kiti kilikuwa cheupe kwa unga.

Alikuwa anachanganya mahindi yake na dawa ya unga ya dumuzi, wale wadudu wa ghalani, akakumbuka kunguni. Kitu chochote cha sponji kutoka mjini, kwake ni mtumba, na mtumba huja na kunguni. Alikinyunyizia dawa hiyo mpaka kwenye mishono.

Sikupandisha sauti. Nilimweleza kwamba hicho hasa ndicho nilichokuwa nakikimbia. Akanijibu kuwa mahindi yenye dawa hiyo ndiyo yaliyomlea mume wangu, na kwamba sisi wa mjini tunalea watoto kama mayai. Kisha akavitazama viganja vyake kwenye mgongo wa Festo.

"Mama Festo, mchukue mtoto. Sijanawa."

Akaniletea na pakiti yenyewe nisome maandishi. Tulimwogesha Festo pale pale, sisi wawili.

Sasa hasira yangu haina pa kwenda. Mama mkwe alichotia kwenye kiti nakijua kwa jina, na kanipa mwenyewe mkononi. Wale wa kiti cha kwanza hawajaniambia kitu hadi leo.

Plastiki itaoshwa kwa sabuni. Kitambaa, sponji na mikanda natupa, nitaagiza vya kiti hicho hicho. Sishoneshi kwa fundi kitu kitakachoshika roho ya mwanangu. Mpaka vifike, ziwani nashuka peke yangu.

Na kesho, baada ya misa, nitampelekea Mama glovu. Dawa ile ameichanganya kwa mikono mitupu msimu hadi msimu. Kifua cha Festo tunakisikiliza kila usiku. Cha kwake, nani amewahi kukisikiliza?