Nilimwambia Neema Aachie Mguu

Jumamosi. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi hapa ughaibuni, Woolwich, na roho yangu imechafuka kuliko hilo wingu.

Nasema wazi: yule kocha simpendi, na sitampenda.

Mjukuu wangu Neema ana miaka kumi na mitatu. Miaka mitatu yote yeye ndiye aliyekuwa wa juu katika timu yao ya ushangiliaji, ile michezo ya kurushana na kusimama juu ya viganja vya wenzao. Mwaka huu amerefuka ghafla, suruali zote zimegeuka kaptura. Basi kocha, kijana mwenye filimbi na ndevu za kuchonga, akamshusha. Sasa Neema ni wa chini, kazi yake kushika mguu wa anayesimama juu, na juu kapandishwa katoto kembamba, kanaitwa Ruby.

Siku ile Neema alilia ndani ya basi kutoka mazoezini Lewisham mpaka nyumbani. Mimi nikaapa huyo kocha atanitambua.

Hajui anacheza na nani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini sarakasi nimeicheza hoteli zote za Diani. Nilisimama chini nikabeba wanaume watano, wengine mabegani, wengine mapajani, wazungu wakasahau kula. Kwa hiyo nikamfundisha mwenyewe, hapa sebuleni, majuma matatu, ananyanyua gunia la mchele. "Kunja magoti, mgongo usimame. Nguvu inatoka mapajani, si mikononi. Na macho yako yasimwache wa juu hata pua ikikuwasha."

Akashika upesi. Damu yangu hiyo.

Ila hapa sitajidanganya. Sikumfundisha ili acheze vizuri tu. Nilikuwa na langu.

Leo, mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi, nilimvuta kando. Nikamwambia, "Akishapanda yule, mkono wako uteleze kidogo. Kidogo tu, godoro lipo. Kocha aaibike mbele ya wazazi wote."

Neema siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Leo alijibu kwa Kiswahili, polepole, anayatafuta maneno.

"Babu, yeye ananiamini mimi."

Akaingia ndani, hakugeuka.

Nikakaa kwenye benchi nikingoja. Ndiyo, nilingoja. Mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, nataka mtoto wa watu aanguke.

Na akaanguka kweli. Si mkono wa Neema; goti la Ruby mwenyewe lilitetemeka, akapinduka kwa nyuma. Lile godoro nililolitegemea liliishia hatua moja kabla ya pale kichwa chake kilipokuwa kinaelekea. Neema akajitupa chini yake kifua kizima, wakaenda sakafuni pamoja, Neema chini, Ruby juu. Kiwiko kikampasua mdomo mjukuu wangu.

Ruby akainuka hana hata mkwaruzo.

Kocha alileta barafu, kisha akanigeukia. "Mzee, nani kamfundisha kudaka vile?"

"Mimi. Wewe hungeweza."

Hata pale nilijisifu. Ulimi wangu haukuona haya.

Mama yake Ruby, muuguzi wa Kinaijeria, alikuja akanishika mikono yote miwili. Alinishukuru mpaka machozi, akanilazimisha nichukue vitumbua vyao kutoka kwenye bakuli lake. Nikala viwili, na usoni sikumtazama.

Kwenye basi Neema alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Tulipofika nikamwita tufanye mazoezi kama kawaida. Akatikisa kichwa, mdomo umevimba, akafunga mlango wa chumba chake.

Binti yangu akauliza, "Baba, mmegombana na mtoto?"

Nikasema amechoka tu. Kumbe Neema hajamwambia mama yake hata neno moja. Amenifichia.

Hilo limeniuma kuliko kama angenisema.

Kocha bado nina kisasi naye, wala sikitupi. Lakini Jumamosi ijayo nitakaa benchi la nyuma kabisa, na mlangoni sitamvuta mtu kando. Akitaka nimfundishe tena, ataniita mwenyewe. Mimi sitagonga mlango wake.

Na asiponiita?