Breki ya Mama

Jumanne, jioni

Bado najicheka. Wiki nzima kielelezo cha barabara kuu ninachokiunda kwenye kompyuta ya kazini kinaonyesha kwamba njia ya magari yenye watu wawili au zaidi ni salama na haina foleni. Leo nimempitisha Mama humo, tukitoka mtaa wa Agincourt. Foleni ya kulia imesimama, sisi tunakwenda mbio. Mama akakanyaga sakafu kama vile ana breki.

"Mwanangu, punguza! Gari moja likichomoka kwenye foleni hiyo je?"

Nilikereka, lakini nikapunguza. Walio nyuma yangu nao wakapunguza.

Madereva wangu wa kwenye kompyuta hawaogopi, maana sikuwawekea woga; hawapunguzi mwendo hata kando ya foleni iliyosimama. Na ripoti yangu kuhusu njia hiyo ilikuwa iende kesho...

Nitamwomba bosi tusubiri. Akiuliza nani kaliona kosa, nitamtaja Mama, ambaye hajawahi kushika usukani.